Unga wa Muhogo: Kabla ya Mahamri, Toa Sumu

Mazungumzo kwa vikundi vya wakulima, Kaunti ya Kilifi

Mazungumzo ya leo ni ya muhogo, kuanzia unapong'olewa shambani hadi unapofika mezani ukiwa mahamri au chapati.

Kila mwenye shamba Ganze, Magarini au Kaloleni anaijua tabia ya muhogo. Ukiwa ardhini husubiri hata miezi. Ukishang'olewa, siku mbili tatu tu ndani unaingia mistari myeusi na hauliki tena. Kwa hivyo mavuno yakiwa mengi watu huuza kwa bei ya kutupa, kisha jua la Januari hadi Machi likishika, nyumba hiyo hiyo inanunua unga dukani kwa kilo. Njia ya kuepuka hasara hiyo ni kufanya unga wakati muhogo ungali mwingi. Lakini unga huu una masharti yake.

Muhogo wote una sumu, hata ule mtamu. Tofauti ni kiasi. Mmea huiweka kwenye majani, maganda na mizizi ili kujikinga na wanaoula. Muhogo unapokunwa au kutwangwa, sumu hiyo ya sayanaidi huachiliwa na kupotea hewani. Muhogo mtamu kama Kibandameno una kidogo, na kuumenya na kuuchemsha ukaiva vizuri kunatosha. Mchungu una nyingi. Jambo ambalo wengi husahau ni kwamba ukame huongeza sumu. Shamba lililotoa muhogo mtamu mwaka wa mvua linaweza kutoa mchungu mwaka wa kiangazi, na mbegu ni ile ile. Na wakati wa ukame ndipo watu hula muhogo zaidi, tena kwa haraka, kwa kuwa hakuna kingine.

Hayo yalitokea mkoa wa Nampula, kaskazini mwa Msumbiji, mwaka wa 1981. Mvua ilikosekana, njaa ikaingia, na watu wakala muhogo mchungu bila kuungoja ukauke inavyopasa. Zaidi ya watu 1,000 walipooza miguu, wengi wao wakiwa akina mama na watoto. Ugonjwa huo huitwa konzo, na miguu ikishapooza hivyo hairudi kuwa kama zamani. Walikuwa wakulima waliojua muhogo vizuri kama mnavyoujua ninyi. Walichokosa ni siku chache za kungoja, na chakula kingine cha kula pamoja nao.

Sasa unga wenyewe. Ng'oa asubuhi, umenye siku hiyo hiyo, uoshe, kisha ukune. Wasio na mashine wanaweza kutumia bati safi lisilo na kutu, lililotobolewa kwa msumari. Kukuna kunatoa sumu kuliko kukatakata vipande na kuvianika, na hilo ndilo kosa la makopa mengi: kipande kinene hukauka juu huku sumu ikibaki ndani. Tia muhogo uliokunwa ndani ya gunia safi, uweke mawe mazito juu, uache maji yatoke usiku kucha. Maji hayo yamwagwe mbali na kuku na mbuzi. Kukicha, uvunjevunje, uuanike mwembamba juu ya turubai safi kwenye jua kali mpaka ukauke kabisa. Ukiwa na unyevu utaota ukungu. Ndipo usage, uchekeche, na uweke ndani ya chombo chenye kifuniko. Kwa muhogo mchungu, usiku mmoja hautoshi. Gunia likae siku mbili au tatu ndipo uanikwe.

Na ukinunua unga sokoni usiojua ulivyotengenezwa? Kuna njia rahisi iliyofanyiwa majaribio na kutumika Msumbiji, Tanzania na Kongo. Weka unga mkavu kwenye bakuli na utie alama ubavuni ulipofika. Ongeza maji ukikoroga. Unga utashuka kwanza, kisha utapanda. Ukirudi kwenye alama, acha maji. Tandaza unga huo juu ya mkeka safi, unene usizidi sentimita moja, kwa saa 2 juani au saa 5 kivulini. Kisha usonge ugali siku hiyo hiyo, kwani unga uliolowa haulali.

Tukija kwenye mahamri, vikombe vitatu vya ngano kwa kimoja cha muhogo ndicho kipimo cha kuanzia. Unga wa muhogo hauna ule mnato wa ngano, kwa hivyo ukizidisha, mahamri hayafuri na hupasuka kwenye mafuta. Tui la nazi, hamira, iliki na sukari ni vile vile. Kanda sana, na ulipe donge muda zaidi wa kuumuka. Kwa chapati, ukande kwa maji ya moto ili zisivunjike unaposukuma. Keki ndiyo inayovumilia muhogo zaidi, hata nusu kwa nusu, na haihitaji oveni: sufuria yenye mfuniko, makaa machache chini na mengi juu.

Mahamri hayo yaliwe na mbaazi, na ugali wa muhogo uliwe na kunde, pojo, samaki au mayai. Muhogo una protini kidogo mno, na mwili huhitaji protini ili kuimaliza sumu ndogo iliyobaki. Kisamvu nacho kitwangwe kilainike, kisha kichemshwe sufuria ikiwa wazi.

Mtu aliyekula muhogo akishikwa na kizunguzungu, kichwa, kutapika au kulegea siku hiyo hiyo, apelekwe zahanati mara moja na waelezwe alichokula. Mtoto asisubiriwe hata kidogo. Vikundi vinavyotaka kujua aina za mbegu zinazofaa eneo lao, au kuonyeshwa mashine ya kukunia, viulize kwa afisa wa kilimo wa wadi.