Viatu vya Kwanza vya Mtoto

(Maneno ya somo la redio kwa watu wazima. Msomaji awe na karatasi ngumu, penseli na mkasi karibu naye.)

Somo letu la leo ni dogo, maana urefu wake ni kiasi cha sentimita kumi na mbili tu. Ni mguu wa mtoto aliyetimiza mwaka mmoja, na kiatu cha kwanza atakachovikwa.

Huenda bwana mmoja hapo akasema, "Afisa Elimu na viatu vya watoto wachanga, wapi na wapi?" Ana haki kuuliza. Jibu langu ni kwamba somo hili nililipata nyumbani kwangu, tena kwa aibu.

Binti yangu alipoanza kusimama kwa kushika viti, nilikwenda Kariakoo, Dar es Salaam, siku mbili baada ya mshahara, nikamnunulia viatu vyeupe vya ngozi ngumu, vyenye ua juu na bizimu ya kung'aa. Mwenye duka aliniuliza umri wa mtoto. Hakuniuliza mguu wake, wala mimi sikuuleta. Tulimvika viatu hivyo siku ya arusi ya shangazi yake. Akashinda navyo kutwa nzima, akipitishwa mkono kwa mkono, watu wakimsifu, wala hakulia hata mara moja. Usiku mama yake alipomvua tuliona vidole viwili vya mwisho vimelaliana, na kisigino kimechubuka mpaka kinatoa maji. Mke wangu hakunigombeza. Alinipa kiatu mkononi akasema, "Baba, hebu ingiza kidole humu." Nikaingiza. Mimi mwenye stashahada ya Chuo Kikuu, nikaona kidole changu hakipiti mahali nilipopitisha mguu wa mwanangu.

Swali lililonisumbua usiku ule ni hili: mbona hakulia?

Mguu wa mtu mzima una mifupa ishirini na sita. Mtoto anapozaliwa, sehemu kubwa ya mifupa hiyo haijawa mifupa bado, ni gegedu, kitu laini kama kile unachokishika ukijipapasa sikio. Mmojawapo, ulio upande wa ndani katikati ya mguu, aghalabu hauanzi kugeuka mfupa mpaka mtoto awe na miaka miwili, mitatu au zaidi. Juu ya hayo yote pana mafuta tele, ndiyo maana mguu wa mtoto hupendeza kushika. Basi mguu wa namna hii ukitiwa katika kiatu kidogo haushindani nacho. Hujikunja, ukafuata umbo la kiatu. Wewe kiatu kikikubana utakivua kabla hujafika kituo cha basi, lakini mtoto huenda akacheza nacho siku nzima huku vidole vimekunjwa ndani. Kwa hiyo usimngoje mtoto akuambie. Hapana budi umpime.

Lakini kabla ya kupima, tuulize kama anahitaji viatu. Mtoto ambaye hajatembea hahitaji. Akivikwa vya kitambaa laini kwa ajili ya baridi ya Njombe au Limuru, sawa. Vya soli ngumu, havimfai kitu. Mabibi wengi wameniambia kwamba mtoto akivikwa viatu mapema huwahi kutembea. Mtazame mtoto anayejifunza kusimama pasipo viatu: vidole vyake hutanuka, hushika sakafu, hupapasa, kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. Hivyo ndivyo anavyojifunza. Ukivifunika vidole hivyo kwa soli nene, umemfunga kitambaa cha macho. Basi ndani ya nyumba, penye sakafu safi, mwacheni atembee peku. Soksi peke yake juu ya saruji iliyosuguliwa au vigae ni hatari, maana huteleza.

Nje ni habari nyingine. Vijidudu vya safura hukaa katika udongo wenye unyevu uliochafuliwa na kinyesi, huingia mwilini kwa kupenya ngozi ya mguu, kisha huenda kunyonya damu tumboni. Mtoto mdogo hana damu ya kugawa. Funza naye yuko katika vumbi la sakafu za udongo na mazizi, na wale wazee wenzangu mliokwisha kumtoa funza mtoto kwa sindano mnajua kilio chake. Tena kuna misumari, vipande vya chupa, na mchanga wa saa saba mchana. Mtoto akianza kutembea nje, mvike viatu. Kazi ya viatu ni hiyo: kukinga. Hakuna nyingine.

Nasema hakuna nyingine kwa sababu wapo wanaouza viatu vizito vya kufunga mpaka juu ya kifundo, wakidai kwamba vitamtengenezea mtoto uwazi wa chini ya unyayo. Karibu kila mtoto mdogo ana unyayo bapa, kwa sababu ya yale mafuta niliyoyataja, na uwazi hutokea polepole miaka inavyokwenda. Mwaka 1989 madaktari wa Marekani walitoa habari za watoto wenye nyayo bapa laini waliovikwa viatu maalumu na vitu vya kutia ndani ya viatu kwa muda wa miaka mitatu. Nyayo zao zilipolinganishwa na za watoto ambao hawakufanyiwa lolote, haikuonekana tofauti. Mwaka 1992 madaktari wawili wa Bara Hindi walichapisha habari za nyayo za watoto 2,300 wa miaka minne hadi kumi na mitatu. Kati ya waliokuwa wakivaa viatu, wenye nyayo bapa walikuwa asilimia 8.6; kati ya waliokuwa wakitembea peku, asilimia 2.8. Simwambii mtu atupe viatu, maana funza hasomi hesabu hizo. Nasema tu usitoe fedha zaidi kwa ajili ya kiatu kigumu ukidhani ni dawa.

Haya, sasa chukua karatasi. Mpime mtoto jioni, kwa kuwa mguu huvimba kidogo kwa mizunguko ya mchana. Msimamishe juu ya karatasi, asikae, maana mguu hurefuka unapobeba mwili. Kama atavaa soksi, mvike soksi. Mtu mmoja amshike mabega na kumwonyesha kijiko au chochote cha kumtuliza, mwingine apitishe penseli kuuzunguka mguu, penseli ikiwa wima kabisa. Ukiilaza penseli kwa ndani utapata mguu mdogo kuliko ulio kweli. Fanya miguu yote miwili. Mara nyingi haiwi sawa, nawe utafuata ule mkubwa. Sasa mbele ya kidole kirefu kuliko vyote ongeza nafasi ya sentimita moja, au upana wa kidole chako cha mwisho. Isizidi sentimita moja na nusu. Kata kwa mkasi. Ukienda dukani au sokoni, mtoto akibaki nyumbani, hiyo ndiyo itakayokwenda badala ya mguu wake.

Itie karatasi ndani ya kiatu. Ikijikunja kando, kiatu ni chembamba, hata kama urefu watosha. Usiitegemee namba iliyoandikwa chini. Namba za Kiingereza hupishana kwa theluthi ya inchi, yaani kama milimita nane na nusu. Za Ulaya hupishana kwa theluthi mbili za sentimita, yaani karibu milimita saba. Na kila kiwanda kina desturi zake. Nimeona viatu viwili vya namba moja, kimoja kikiingia ndani ya kingine.

Kisha kipinde kwa vidole vyako. Kikunjike pale mbele vidole vya mguu vinapoanzia. Kikikataa kupinda, mtoto atatembea kama bata. Kikipinda katikati kama chapati, hakina mgongo. Soli iwe tambarare, isiyo na kisigino cha kuinuka, na isiteleze. Mbele pawe pana na pa mviringo. Kiwe na ukanda, kamba au utepe wa kunata wa kukishika juu ya mguu, maana kiatu kisichofungwa humlazimisha mtoto kukunja vidole ili kisimtoke. Kwa sababu hiyo kandambili hazimfai mtoto wa mwaka mmoja; makubazi yenye ukanda wa nyuma ni mema, tena hupitisha hewa. Mwisho tia mkono ndani ukapapase mishono na misumari. Jicho halifiki huko.

Hapo zamani Wazungu walitaka jicho lifike. Tangu miaka ya 1920 maduka mengi ya viatu ya Marekani na Uingereza yaliweka mashine za eksirei: mtoto husimama, hutia mguu chini, na mama hutazama vidole vikichezacheza ndani ya kiatu. Watoto walizipenda mno. Baadaye ikafahamika kwamba mionzi ile ina madhara, na mwaka 1957 jimbo la Pennsylvania likazipiga marufuku, kisha zikatoweka pote. Karatasi yako na kidole chako vyafanya kazi ile ile pasipo hatari.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo huleta ubishi kila ninapolisema. Mzazi hununua kiatu kikubwa, husema, "Atakikulia." Huweka pamba mbele. Kisha hukifungia sandukuni, kivaliwe sikukuu. Namfahamu sana mzazi huyu, maana fedha ni ngumu na kiatu kizuri si bei ya mchicha. Lakini tufanye hesabu. Mguu wa mtoto aliye kati ya mwaka mmoja na miaka mitatu hukua karibu milimita moja na nusu kwa mwezi. Kutoka Idd el Fitr mpaka Idd el Haj ni miezi miwili na siku kama kumi: zimekwenda milimita tatu na zaidi. Kutoka Krismasi mpaka Krismasi ni milimita kumi na nane, yaani kama namba mbili za Kiingereza. Ile nafasi ya sentimita moja uliyomwachia imekwisha katika mwezi wa saba, na kiatu kingali kipya, kina harufu ya duka. Kimevaliwa mara ngapi? Mara mbili? Na siku ile kilipokuwa kikubwa mtoto alijikwaa nacho, na siku kilipokuwa saizi yake kilikuwa sandukuni, na siku alipokivaa mara ya pili kilimbana. Kiatu cha mtoto mdogo hakiwekwi akiba. Kama una fedha ya jozi moja, nunua jozi moja ya saizi yake, akivae Jumatatu akicheza na Ijumaa akienda kuamkia bibi yake, na sikukuu akivae hicho hicho kimepakwa dawa. Kila miezi miwili upime tena.

Tena mtu asidhani kwamba nachukia mapambo. Madaktari waliopima nyayo mwaka 1956 waliandika kwamba mtoto wa kike hufikia nusu ya urefu wa mguu wake wa utu uzima akiwa na mwaka mmoja, na wa kiume akiwa na mwaka mmoja na nusu. Ni safari fupi, na mama ana haki ya kuifurahia. Chagua rangi nyekundu, chagua ua, hata vile vinavyolia pii-pii kila hatua kama majirani zako ni wavumilivu. Ila pima kwanza, ua lifuate.

Kuna wasionunua dukani, nao ni wengi. Viatu vya mtumba vya watoto mara nyingi vina uhai mwingi, kwa kuwa yule wa kwanza alivikulia upesi. Viweke juu ya meza ya mwuzaji, uvitazame kwa nyuma. Kisigino kikiwa kimelalia upande mmoja, au ndani pamechimbika alama ya vidole vya mwingine, viache. Vikiwa wima, vitie karatasi yako kama vile vipya, kavifue, vikae juani mpaka vikauke kabisa.

Mwisho, yako mambo ambayo si ya duka la viatu. Mtoto aliyezaliwa na mguu uliopinda kwa ndani na haunyooki ukiunyoosha kwa mkono, apelekwe hospitali katika majuma ya kwanza. Kwa njia ya Daktari Ignacio Ponseti hunyoshwa kidogo kidogo kwa plasta inayobadilishwa kila juma, kisha huvaa viatu vilivyoungwa kwa kipande cha chuma ili mguu usirudi. Vile vile aendaye akichechemea, au ambaye hajatembea akiwa na mwaka mmoja na nusu, muone daktari.

Nyuma ya mlango wa chumba chetu zimebandikwa karatasi saba za nyayo za binti yangu, kila moja na tarehe yake. Ya kwanza mama yake aliikata asubuhi ya pili baada ya arusi ile. Nanyi msizitupe za leo. Andikeni tarehe nyuma yake, na juma lijalo kila mmoja aje nayo kikundini pamoja na kiatu anachovaa mtoto sasa, tuvilinganishe. Kwaherini.