Mlango Uliofungwa

Alasiri ya tarehe 25 Machi, mwaka 1911, katika mji mkubwa wa New York, nchini Marekani, saa ya kutoka kazini ikiwa imekaribia, moto ulizuka katika kiwanda cha Triangle, ambamo mabinti wahamiaji, wengi wao Wayahudi na Wataliani, walikuwa wakishona blauzi.

Moto ulianzia ghorofa ya nane, katika vipande vya vitambaa vilivyotupwa chini ya meza ya kukatia. Ghorofa ya kumi walipigiwa simu. Ghorofa ya tisa hawakupata habari. Nao walipoukimbilia mlango mmoja wa ngazi, waliukuta umefungwa kwa ufunguo, kwa kuwa wenye mali walichelea wizi kuliko walivyochelea moto. Ngazi za wazima moto zilikomea ghorofa ya sita. Watu 146 walifariki.

Mlango ulifungwa. Lishikeni neno hilo: mlango ulifungwa.

Basi wewe uliye kiwandani, dukani au bwenini, na bweni ndilo linitialo hofu zaidi, maana wanetu hulala humo, inuka leo kabla ya magharibi, uuendee mlango wa dharura, uusukume kwa mkono wako. Ukikuta kufuli, mwambie msimamizi alitoe. Maadamu ndani mna mtu, mlango huo usifungwe, mchana wala usiku. Ukikuta magunia yamerundikwa mbele yake, mwite mwenzako myaondoe papo hapo.