Kabla ya Kupeleka Jino Guangzhou
(Hotuba ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa wakazi na wafanyabiashara wa Industrial Area na mitaa jirani)



Mimi si daktari. Daktari wa meno ameketi hapo mbele na zamu yake inakuja. Kazi yangu ni kuhakikisha habari za huduma zinamfikia mkazi kwa lugha anayoielewa, na kuna swali linaloulizwa sana hapa kuliko kwingine jijini: je, nikienda Uchina naweza kutengeneza meno huko?

Sababu ya swali hili kutoka hapa inajulikana. Tembea Enterprise Road, ingia Lunga Lunga Road, shuka hadi Jogoo Road, utakutana na watu wanaoijua Guangzhou kama wanavyoijua Gikomba. Wanaagiza spea, viatu, vyombo vya plastiki na vifaa vya simu. Maonyesho ya biashara ya Canton hufanyika huko mara mbili kwa mwaka, kuanzia katikati ya Aprili na tena kuanzia katikati ya Oktoba, kwa awamu tatu za siku tano tano. Mtu akishalipa tiketi na hoteli, na jino linamsumbua tangu Krismasi, atajiambia amalize mambo yote mawili kwa nauli moja.

Wazo lenyewe si baya. Guangzhou ina hospitali kubwa ya meno ya Chuo Kikuu cha Sun Yat-sen, na iko katika wilaya ya Yuexiu, wilaya ile ile yenye mtaa wa Xiaobei ambako wafanyabiashara wengi wa Kiafrika hufikia. Shida ni kwamba safari ya biashara hupangwa kwa kalenda ya maonyesho, na jino lina kalenda yake.

Tuchukue jino la kupandikiza, maana ndilo linaloulizwa zaidi. Daktari hupanda skrubu ndogo ya titani ndani ya mfupa wa taya. Mfupa lazima ukue na kuishika skrubu hiyo, kazi inayochukua miezi mitatu hadi sita kwa kawaida. Baada ya hapo ndipo jino lenyewe huvishwa juu. Ikiwa jino bovu bado liko na linahitaji kung'olewa kwanza, au mfupa umepungua na unahitaji kuongezwa, muda unarefuka. Ziko kliniki zinazovisha jino la muda siku ile ile, lakini hilo ni la muda, na si kila taya linafaa. Kwa hiyo mtu anayechukua mkopo wa chama kwa safari moja amepiga hesabu nusu.

Hapo wafanyabiashara wana bahati ambayo watalii hawana. Kutoka maonyesho ya Aprili hadi ya Oktoba ni karibu miezi sita. Anayekwenda yote mawili anaweza kupandwa skrubu mara ya kwanza na kuvishwa jino mara ya pili, bila nauli ya ziada. Lakini atengewe siku zake. Usiweke upasuaji jioni ya mwisho, kesho yake ukapanda ndege. Maumivu makali ya tundu lililopoteza damu iliyoganda huanza mara nyingi kati ya siku ya pili na ya nne baada ya kung'olewa, na wakati huo ni afadhali uwe karibu na aliyekung'oa kuliko kuwa juu ya Bahari ya Hindi. Acha angalau wiki moja. Nyuzi zikihitaji kutolewa, uliza zitatolewa wapi.

Matibabu ya mzizi wa jino huweza kumalizika kwa ziara moja hadi tatu, na kofia ya jino huchukua siku kadhaa hadi wiki mbili kulingana na maabara. Hayo yanaingia katika safari moja. Kuziba jino la kawaida, kwa maoni yangu, hakustahili kuvushwa mpaka.

Sasa bei, maana najua mnasubiri. Mwaka 2023 serikali ya Uchina ilinunua skrubu hizo kwa wingi, na bei yake ya wastani ikashuka kwa takriban asilimia 55. Pia iliweka kikomo cha yuan 4,500 kwa ada ya kazi ya kupandikiza jino moja la kawaida katika hospitali za umma za ngazi ya juu. Yuan moja ni kama shilingi 18, kwa hiyo hapo ni takriban shilingi 81,000. Skrubu na jino la juu hulipiwa kando. Na kikomo hicho ni cha hospitali za umma. Kliniki binafsi inayokutangazia kwa Kiingereza kwenye TikTok hujipangia bei yake. Omba hesabu iliyoandikwa, kila kipengele peke yake, kabla ya kulipa arbuni.

Lakini kabla ya hesabu ya Guangzhou, fanya ya Nairobi. Mama Lucy na Mbagathi ni hospitali za kaunti zenye idara za meno. Hospitali ya meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi iko Argwings Kodhek Road, ambako wanafunzi hutibu chini ya macho ya walimu wao. Nenda upigwe eksirei, uambiwe tatizo ni nini hasa, uandikiwe. Pima sukari na presha pia, kwa sababu sukari isiyodhibitiwa huchelewesha kidonda kupona na inaweza kuangusha kazi ya kupandikiza. Mtu mwenye ripoti mkononi hauziwi meno manane wakati anahitaji moja.

Nasema hivyo nikiwafikiria hasa vijana wenye madoa ya kahawia. Wengi wamekunywa maji ya visima virefu tangu utotoni, na visima vingi vya Nairobi vina madini ya floraidi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Hayo madoa si uchafu, wala si uzembe wa mswaki. Yapo matibabu mepesi ya kuyapunguza, na yanapatikana hapa. Kuna wanaoambiwa dawa ni kusagwa meno ya mbele na kubandikwa vigamba vyeupe. Jino likishasagwa halirudi, na vigamba hubadilishwa baada ya miaka, kwa gharama yako, maisha yako yote. Muulize daktari hapa kwanza.

Kuhusu karatasi. Viza ya biashara ni ya biashara. Kama lengo ni matibabu, liseme wazi katika kituo cha maombi ya viza ya Uchina hapa Nairobi, nao watakuelekeza aina inayofaa. Chanjo ya homa ya manjano inahitajika kwa anayetoka Kenya, na cheti huanza kutumika siku kumi baada ya sindano, kisha ni cha maisha. Msikimbilie chanjo usiku wa kuamkia safari. Ukifikia nyumbani kwa rafiki badala ya hoteli, sheria ya huko inakutaka ujiandikishe polisi ndani ya saa 24.

WhatsApp na Google hazifanyi kazi kwenye intaneti ya kawaida ya Uchina. Pakua WeChat na Alipay ukiwa hapa, uunganishe kadi yako, ujaribu. Mkalimani awe wako wewe, si yule anayelipwa na kliniki kwa kila mteja anayemleta.

Na msitegemee SHA. Matibabu ya nje hulipiwa pale tu huduma haipatikani nchini, na kwa idhini ya awali. Meno karibu yote hutibiwa hapa. Vilevile, kazi ikiharibika, Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya, KMPDC, linaweza kumwita daktari aliyesajiliwa hapa, lakini la Guangzhou haliwezi.

Kwa hiyo rudini na karatasi: jina la kampuni iliyotengeneza skrubu, ukubwa wake, namba ya toleo, na eksirei za kabla na baada. Skrubu za kampuni mbalimbali hazifunguliwi kwa bisibisi moja, mafundi wa Lunga Lunga mnanielewa. Jino likilegea miaka mitatu ijayo, daktari wa hapa bila maelezo hayo atakuwa anabahatisha. Na umwulize mapema kama atakubali kulihudumia.

Daktari, karibu. Maswali ya meno ni yake. Ya bei ya tiketi msituulize sisi wawili.