Mzee Anaposahau
(Hotuba ya Karani wa Chama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Kamukuywa)



Chama chetu kimezoea kuchangia jeneza na chakula cha matanga. Jambo hilo ni jema. Lakini leo naomba ruhusa ninene juu ya miaka inayotangulia jeneza, maana wako wazee ambao kumbukumbu zao huondoka mbele ya roho.

Ugonjwa huo huitwa demensia. Aina yake ijulikanayo zaidi ilielezwa na daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, mwaka 1906. Ni ugonjwa wa ubongo. Si uchawi, wala si laana. Dawa ya kuuponya haijapatikana. Lakini dhana ya uchawi huua upesi kuliko ugonjwa: mwezi wa Oktoba 2021, kule Marani katika Kisii, akina mama wazee wanne waliuawa kwa kushukiwa uchawi. Mzee aliyepotea njia usiku ashikwe mkono arudishwe nyumbani, asiulizwe alikwenda kumroga nani.

Basi tumtunzeje? Akikuuliza kama ng'ombe wamekunywa maji mtoni, na ng'ombe hao waliuzwa zamani kulipa karo yako, usibishane naye. Mjibu, "Wamekunywa, baba, wameshiba." Hupungukiwi na kitu, naye atalala kwa amani. Kucheka si dhambi, mradi tucheke pamoja naye. Wenzake wa rika, bakoki, wana ruhusa ya kumtania; na waje wamtanie. Huenda amesahau jina la mwanawe, lakini wimbo wa jandoni angali nao.

Tena tumwulize mapema, akili zikiwa timamu: shamba ligawanywe vipi, azikwe wapi, nani amwuguze. Huko si kumtakia kifo, ni kumheshimu.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 57, yampa mzee haki ya kuishi kwa heshima, na kutunzwa na jamaa zake pamoja na Serikali. Nasi mzee mwenye sifa akifa twamwita omuswala kumuse, asimulie habari za ukoo na kuwaonya walio hai. Ni heshima kuu, ila mwenyewe haisikii.

Kwa hiyo napendekeza sehemu ya fedha za matanga itengwe kuwasaidia wanaowauguza wazee hawa, ambao wengi ni wake na mabinti wasiopata usingizi. Hujafa hujaumbika, tutakalowatendea wao ndilo watoto wetu wanalojifunza kututendea sisi.