SIRI ZA VITA KATIKA NYUMBA ZETU

(Hotuba iliyotolewa na mwanachama wetu mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Kamati ilinitaka niseme machache juu ya historia. Wengi mnanifahamu kama mtumishi wa serikali, mtu wa majalada, na pengine mnatazamia takwimu. Zipo chache.

Katika madarasa yale pale tulifundishwa Vita Kuu zote mbili. Tuliandika Sarajevo, Stalingrad na Hiroshima, tukapata alama nzuri. Tulikwenda likizo tukawakuta babu zetu wamekaa kimya mlangoni, wala hawakutuambia kuwa na wao walikuwamo.

Vita ya kwanza ilipiganwa humu humu kwetu, tangu Tanga mwaka 1914 hata Mahiwa mwaka 1917. Majeshi ya Mjerumani yaliweka silaha chini huko Abercorn, ambako leo ni Mbala, Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, siku 14 baada ya Ulaya kutulia. Kila tukienda Kariakoo tunatamka jina la Carrier Corps, yaani wapagazi wa jeshi la Mwingereza. Walikufa kwa makumi ya maelfu, na maradhi yaliwamaliza kuliko risasi. Sanamu ya Askari iliyowekwa Dar es Salaam mwaka 1927 haitaji jina la hata mmoja wao. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kuwa watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Ndugu zangu, ikiwa dola inaweza kunyamaza miaka 100, seuze familia?

Babu aliyenilea alikuwa askari wa KAR. Alipigana Burma mwaka 1944, akarudi kijijini mwaka 1946. Juu ya vita alisema neno moja tu: kwamba kule mvua hainyeshi, inamwagika. Alifariki mwaka 1998. Siku ya kumaliza matanga, jamaa zake walisimama wakasema baba yangu hana haki ya shamba, kwa kuwa si damu yao. Baba alikuwa na umri wa miaka 54, na hakuwa amepata kulisikia jambo hilo.

Baraza la ukoo lilikaa siku mbili. Ndipo mzee mmoja, rika la marehemu, alipoeleza. Vijana wawili marafiki walijiandikisha jeshini siku moja. Mmoja alipelekwa askari wa miguu, mwenzake akapelekwa kikosi cha mizinga. Huyu wa mizinga aliacha mke mwenye mimba. Februari 1944 alipanda meli ya Khedive Ismail kutoka Mombasa kwenda Colombo. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani iliipiga kwa topedo, ikazama kwa muda wa dakika mbili hivi. Walikufa watu 1,297, na wengi wao walikuwa wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Yule rafiki aliporudi alimkuta mjane na mtoto wa kiume wa miaka miwili. Alimwoa, akampa mtoto jina lake, akataka kijiji kifunge mdomo ili mtoto asije akaitwa wa kuja.

Katika sanduku la babu tulikuta karatasi yenye namba ya jeshi ambayo haikuwa yake. Miaka ilipita. Nilipotumwa Nairobi kwa kazi, nilikwenda makaburi ya vita ya Ngong Road, kwenye ukumbusho wa Afrika Mashariki. Nikatafuta, nikaikuta namba ile, na jina kando yake. Nilisimama pale muda mrefu. Mimi nafanana na nani? Ukaidi huu nimeutoa kwa yupi?

Shamba lilibaki kwa baba, maana marehemu alikuwa amemwonyesha mipaka mbele ya wazee. Wengine walimshauri abadili jina. Alijibu hivi: "Yule alinipa damu, huyu alinipa ugali na karo. Sitamkana hata mmoja." Siku hizi, tukisoma dua, tunawataja wote wawili.

Ndugu Mwenyekiti, sisemi kila siri ifichuliwe. Babu alinyamaza kwa huruma, na ukimya ule ulimlea mtoto mpaka akawa mtu. Lakini siri ambayo mwenyewe hakuisema, hasimu ataisema, na ataichagua siku ya msiba. Kwa hiyo nawaombeni mambo mawili. Wale ambao wazee wenu wangali hai, kaeni nao, mwulize kwa adabu, mwandike majina, namba na mahali. Na sisi ambao tumeanza kuota mvi, tuwaambie watoto wetu wangali wanatusikia.

Mti hauchagui mizizi yake, lakini ni vema kujua imekwenda upande gani.