KUSAHAU NA KUKUMBUKA
(Maneno yaliyosemwa mbele ya jamaa wa Gitega na Muyinga)

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake.



Nimetakiwa nizungumze juu ya kumbukumbu ya mwanadamu, na kwa nini tunasahau. Jambo hili si la wataalamu peke yao. Mzazi humwona mwanawe amehifadhi sura, na baada ya juma moja imempotea, naye humdhania mvivu. Ndugu wawili hugombea mpaka wa shamba la marehemu baba yao; kila mmoja yu tayari kuapa, na kila mmoja humwita mwenziwe mwongo. Yamkini mtoto yule si mvivu, wala ndugu wale si waongo.

Na tuanze na mtoto. Mwaka 1885 mtaalamu wa Kijerumani, Hermann Ebbinghaus, alitoa kitabu cha majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alihifadhi mafungu ya silabi zisizo na maana, akangoja, kisha akajifunza tena, akipima ni muda kiasi gani umepungua kwa sababu ya kazi ya kwanza. Aliona kwamba baada ya saa moja zaidi ya nusu ya faida ile imekwisha potea. Baada ya siku moja, kama thuluthi mbili. Walakini baada ya mwezi mzima ilibaki bado kama sehemu moja katika tano. Basi kusahau huja mbio mwanzoni, kisha hupunguza mwendo. Kwa hiyo yapasa somo lirudiwe mapema: siku ile ile, na kesho yake, na juma lifuatalo. Tena lirudiwe kwa ghibu, kitabu kikiwa kimefunikwa, maana kujaribu kukumbuka hutia nguvu kuliko kupitisha macho tu. Mtume (S.A.W.) alikwisha tufananishia mwenye Qurani na mwenye ngamia waliofungwa: akiwaangalia hubaki naye, akiwaachilia huenda zao.

Sasa tumtazame mzee. Mwaka 1953 Mmarekani mmoja, Henry Molaison, alipasuliwa kichwa ili atibiwe kifafa, akaondolewa sehemu za ndani ya ubongo za pande zote mbili. Tangu siku ile hata alipofariki mwaka 2008, karibu hakuweza kushika jambo jipya. Mtu aliyekwisha zungumza naye, akitoka na kurudi baada ya dakika chache, alikuwa mgeni kwake. Walakini aliyakumbuka mengi ya utoto wake. Hapo ikadhihirika kwamba kuyaingiza mambo mapya ni kazi moja, na kuyatunza ya zamani ni nyingine. Basi mzee asiyejua kama amekula asubuhi, lakini akakusimulia harusi ya ujana wake, hafanyi hila. Asikemewe, na aulizwe angali anaweza kujibu.

Tuje kwa ndugu wawili. Mwaka 1932 Frederic Bartlett wa Cambridge alieleza jinsi alivyowasomesha watu hadithi ya wenyeji wa asili wa Amerika ya Kaskazini, kisha akawataka waisimulie baada ya muda. Waliyaacha yaliyokuwa mageni kwao, wakatia waliyoyazoea, wala hawakujua kuwa wamebadili neno. Kukumbuka, basi, si kufungua sanduku na kutoa nguo iliyokunjwa. Ni kuijenga nyumba upya kwa matofali yaliyosalia, na penye pengo twaziba kwa udongo wetu wenyewe.

Katika nchi yetu jambo hili limetuumiza. Mwaka 1972, na tena mwaka 1993, watu wengi walikimbia, wakavuka mpaka kuingia Tanzania. Waliorejea baada ya miaka mingi walikuta wengine mashambani mwao, na mashahidi wengine wamekwisha zikwa. Mwaka 2006 serikali iliunda tume ya taifa ya ardhi na mali nyingine ili kuamua magomvi hayo. Ni mangapi yangalikwisha mapema kama pangalikuwa na karatasi moja na majina ya mashahidi?

Nasi Waislamu tuliamrishwa zamani. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qurani ni ya deni: liandikwe, na mashahidi wawepo, ili mmoja akikosea akumbushwe na mwenziwe. Na baada ya vita vya Yamama, walipouawa mahafidhi wengi, Sayyidna Umar alimshauri Sayyidna Abubakar, na Zayd bin Thabit akaikusanya Qurani katika maandiko na vifua vya watu. Ikiwa masahaba hawakutegemea vifua peke yake, sisi tuna udhuru gani?

Basi, ndugu zangu, watoto warudie masomo yao bila ya kupigwa kwa kusahau. Deni, mpaka, wasia na wakfu viandikwe na kushuhudiwa wenyewe wangali hai. Na mkihitilafiana katika la zamani, tafuteni shahidi kabla ya kutafuta tusi.

Mwenyezi Mungu atukumbushe tuliyoyasahau, na asitushike kwa tuliyoyakosea. Amin. Wabillahi ttawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.