Matembezi ya Jumamosi Wakati wa Mvua

Jioni ya leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wengi huliona kuwa la upuuzi, yaani kupanda baisikeli kwenda matembezini katika miezi ya mvua na baridi.

Sisi tukaao kwenye mteremko wa kusini wa Kilimanjaro, upande wa Marangu, twaijua sana miezi hiyo. Masika huanza Machi hata Mei. Kisha huja Juni, Julai na Agosti, miezi ya ukungu na manyunyu, ambayo jua laweza kufichwa siku kadhaa mfululizo. Nguo hazikauki, kuni hutoa moshi mtupu, na Jumamosi ikifika wanafunzi wa chuo cha ualimu hujikunyata katika mablanketi kana kwamba wamehukumiwa kifungo. Basi sisi walimu wachache, pamoja na wanafunzi wapendao, tuliona heri kutoka. Saa mbili asubuhi tunaanza safari, na jioni tunarudi.

Baisikeli ya namna tuijuayo, yenye mnyororo uzungushao gurudumu la nyuma, ilitengenezwa na John Kemp Starley wa Uingereza mwaka 1885, na miaka michache baadaye John Boyd Dunlop akatengeneza tairi la kutiwa pumzi kwa ajili ya baisikeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Wote wawili waliishi katika nchi zenye mvua nyingi kuliko jua, kwa hiyo asitokee mtu kutuambia kwamba chombo hiki kiliumbwa kwa kiangazi tu.

Lakini mvua ina kanuni zake. Breki zibanazo rimu hazishiki mara moja zikiwa zimelowa. Gurudumu lazima lizunguke mara kadhaa kwanza, mpaka maji yapanguswe. Asiyejua hayo huzikaza afikapo kwenye kona, akashangaa baisikeli yaendelea mbele kama ng'ombe aliyekata kamba. Aliyefundishwa huanza kuzibana kidogo kidogo angali mbali. Tena udongo wetu mwekundu ukilowa hushika tairi kama ugali ushikavyo mwiko, ukajaa chini ya madigadi hata gurudumu likagoma. Ndiyo sababu kila mmoja wetu huchukua kijiti cha kuukwangua. Penye matope mazito pumzi ya tairi hupunguzwa kidogo, ili tairi likanyage kwa upana.

Njia tuipendayo zaidi ni ile ya kuteremka kutoka Marangu hata Himo. Ni kilometa 13 hivi, na katika mwendo huo mtu hushuka kama mita 500. Twaondoka katika manyunyu, migomba ikidondosha maji pande zote, kahawa chini yake nyeusi kwa unyevu, na mifereji ambayo wazee wa Kichagga waliichimba zamani sana ikinguruma kando ya njia. Baada ya nusu saa migomba hupungua, mahindi huanza, ukungu hubaki nyuma yetu kama dari. Tufikapo Himo, siku nyingine twakuta vumbi! Mwanafunzi aliyesoma darasani kwamba mlima huzuia mawingu na kuyanyima mabonde maji yake, hapa huliona jambo hilo kwa ngozi yake, maana koti lililolowa Marangu hukaukia mgongoni mwake. Twadhani saa hiyo moja yamfaa kuliko ramani tatu za ukutani. Kupanda kurudi ni habari nyingine. Hapo twasukuma zaidi kuliko kupanda, na wale waliocheka sana wakati wa kuteremka huwa kimya kabisa.

Wako wasemao kwamba katika mvua hapana cha kutazama, kwa kuwa mlima wenyewe haupo. Tuwakumbushe kwamba Johannes Rebmann aliiona theluji ya Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, ndani ya masika, na wenye elimu wa Ulaya wakambishia kwa miaka mingi. Mvua ya usiku huosha hewa, na asubuhi kabla ya saa tatu mlima huweza kujitokeza wote kwa dakika chache, mweupe kupita siku zote. Aliye kitandani hauoni.

Sasa twafika kwenye jambo lililotufanya tuombe nafasi ya kusema nanyi. Jumamosi moja ya mwezi wa Aprili tulikuwa watu saba. Mmoja wetu, kijana wa mwaka wa kwanza, alikuwa amefunga kwenye karia kilo mbili za sukari na miche ya sabuni, zawadi ya mama yake akaaye ng'ambo ya mto. Tulipofika kivukoni tulikuta mawe ya kuvukia hayaonekani. Maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa, yakibeba matawi. Ng'ambo, juu ya migomba, moshi wa jiko la mama yake ulionekana wazi.

Kijana akavua viatu, akaiweka baisikeli begani. Bibi mmoja alikuwa ameketi chini ya mti upande wetu, na mzigo wa majani ya ng'ombe. Tukamwamkia, naye akaitikia marahaba, kisha akasema, "Mimi nyumba yangu ni ile pale, walimu wangu, nami nimekaa hapa tangu asubuhi." Hakuongeza neno.

Tulimwambia kijana avae viatu. Maji yaendayo kasi hayahitaji kufika kiunoni. Yakifika gotini tu yaweza kumwangusha mtu mzima, na mwenye baisikeli begani hana mkono wa kushikia. Alitutazama kwa hasira, akatazama moshi, akavaa. Tukazunguka kwa njia ya daraja, tukasukuma katika giza, na saa mbili usiku mama yake akaipokea sukari, nusu yake imekwisha kuwa maji. Akatupikia mtori, tukala mpaka tukasahau baridi.

Twayasema haya kwa kuwa tarehe 12 Aprili 2024, mjini Arusha, gari la shule lilisombwa na maji ya mvua na watoto wakafa. Ikiwa gari huchukuliwa, baisikeli ni nini? Katika matembezi yetu sasa neno la yule aliye mwoga kuliko wote ndilo lifuatwalo kwenye mto, hata akiwa mwanafunzi mdogo na walimu wakataka kupita.

Mrudipo nyumbani, msiiegemeze baisikeli ukutani na kwenda kuota moto. Imwagieni maji, pangusa mnyororo kwa kitambaa kikavu, kisha tieni matone machache ya mafuta ya cherehani, mkizungusha pedeli kwa mkono kinyumenyume. Kazi hiyo ni ya dakika kumi, na chai huwa bado ya moto.